Pasipoti ya Mtoto Unayemlea

Je, nyumbani kwako yupo mtoto unayemlea ambaye hukumzaa? Labda ni mjukuu wako. Labda ni mtoto wa dada yako. Labda ni mtoto wa jirani aliyefariki, nawe ukamchukua, ukamlisha na kumsomesha. Katika vijiji vyetu wako watu wengi wanaolea watoto kwa namna hii. Hakuna anayewauliza karatasi. Mtoto anakula, analala, anakwenda shule, na siku zinapita.

Karatasi huulizwa siku mtoto anapotakiwa kuvuka mpaka wa nchi. Siku hiyo atahitaji pasipoti, yaani hati ya kusafiria. Na ofisi inayotoa pasipoti itakuuliza: wewe ni nani kwa mtoto huyu?

Somo hili linahusu swali hilo. Tuanze kwa mfano. Watu wa mfano huu si watu fulani unaowajua. Tumewapa majina ili tuweze kujifunza.

Saidi na Rehema

Saidi ni mkulima. Kaka yake, Bakari, alifariki dunia. Mke wa Bakari naye alifariki baada ya miaka miwili. Waliacha watoto wawili: Hamisi na mdogo wake Rehema. Ukoo ulikaa kikao baada ya arobaini. Wazee wakasema, "Saidi, watoto hawa ni wako." Saidi akawachukua. Wakati huo Rehema alikuwa na miaka mitatu. Sasa ana miaka tisa, na baba anayemjua ni Saidi.

Rehema akaugua. Alipelekwa zahanati, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa. Madaktari walimpima. Wakashauri afanyiwe upasuaji nchini India. Wafadhili wakapatikana wa kulipia matibabu. Hospitali ya huko ikapanga siku ya kumpokea. Lililobaki ni pasipoti ya Rehema na ya mtu wa kumsindikiza.

Saidi akafunga safari mpaka ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Alichukua kitambulisho chake cha Taifa, barua ya daktari, na cheti cha kuzaliwa cha Rehema. Afisa alimkaribisha kiti, akasoma karatasi.

"Mtoto huyu ni nani wako, mzee?"

"Ni mwanangu."

"Kwenye cheti baba ni Bakari. Wewe ndiye Bakari?"

"Bakari ni kaka yangu. Ni marehemu."

"Poleni sana. Basi wewe ni baba yake mdogo."

"Ndiyo, ni baba yake. Kwetu baba mdogo ni baba."

"Hata kwetu ni hivyo, mzee wangu. Lakini mimi natakiwa kupata idhini ya mzazi, au ya mlezi anayetambuliwa na sheria. Una karatasi ya mahakama inayosema wewe ni mlezi wake?"

Saidi hakuwa nayo. Alikuwa na karatasi nyingine mbili, akazitoa mfukoni. Moja ilikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Nyingine ilikuwa hati ya mahakama ya mwanzo iliyomteua kuwa msimamizi wa mirathi ya kaka yake. Afisa alizisoma zote, akamrudishia.

Kwa nini afisa hakuzikubali? Hapa tusimame kidogo, maana watu wengi hukosea hapa.

Msimamizi wa mirathi si mlezi

Msimamizi wa mirathi kazi yake ni mali ya marehemu. Hukusanya mali, hulipa madeni, hugawa kilichobaki kwa warithi. Akimaliza, hupeleka hesabu mahakamani, na kazi yake imekwisha. Hati ile haisemi lolote juu ya nani atamlea mtoto, nani ataamua matibabu yake, au nani atatoa ruhusa asafiri. Shamba na mtoto ni mambo mawili.

Na muhtasari wa kikao cha ukoo je? Muhtasari ule una thamani. Unaonyesha kwamba ndugu wa pande zote walikubaliana. Utunze vizuri, maana utausaidia upande wako mahakamani. Lakini wenyewe si amri. Ukoo unaweza kukaa kikao kingine kesho na kubadili maneno. Vilevile barua ya mtendaji wa kijiji inasema wewe ni mkazi na mtoto anaishi kwako. Ni barua ya utambulisho. Haikufanyi kuwa mlezi wa kisheria.

Utasema, "Huu ni usumbufu. Kijiji kizima kinajua mimi ndiye niliyemlea." Ni kweli, na hasira yako ina haki. Lakini jiweke mahali pa afisa. Leo amekuja Saidi, mtu mwema. Kesho atakuja mtu mwingine na mtoto mwingine, naye atasema vilevile: "Ni mwanangu, nimemlea." Kumbe amemchukua kijijini kwa ahadi ya kumsomesha nje, na huko anakwenda kumfanyisha kazi. Mambo hayo yapo. Ndiyo sababu nchi yetu ilitunga sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu mwaka 2008. Afisa hawezi kuusoma moyo wa mtu. Anasoma karatasi.

Kuna sababu nyingine. Pasipoti ya Tanzania hupewa raia wa Tanzania. Afisa anapotaka kujua uraia wa mtoto, huwatazama wazazi waliomzaa. Kwa hiyo hata mlezi mwenye amri ya mahakama bado ataulizwa vyeti vya wazazi, au hati ya kiapo inayoeleza kuzaliwa kwao kama vyeti havipo. Hati ya kiapo ni maelezo ya maandishi ambayo mtu anaapa mbele ya wakili au hakimu kwamba ni ya kweli.

Maneno ya kishoka

Saidi alitoka ofisini amejaa mawazo. Nje, karibu na mama muuza chai, palikuwa na kijana mmoja mwenye mkoba. Watu kama hawa tunawaita vishoka. Wanajifanya wanazijua ofisi zote.

"Mzee, mbona umenuna?" kijana alimwuliza. Saidi akamweleza.

Kishoka akacheka. "Hilo dogo. Tunatafuta cheti kingine cha kuzaliwa, baba tunaandika Saidi. Wewe si ndugu wa damu? Nani atajua? Nipe pesa ya kuanzia."

Ndugu msomaji, wewe ungejibu nini?

Wako watu waliokubali maneno kama haya, na si watu wabaya. Walikuwa na haraka. Wengine hata hawakuhitaji kishoka. Walipokwenda kumwandikisha mtoto wa marehemu, waliandika majina yao wenyewe mahali pa baba na mama, kwa kuona ni njia fupi. Tena waliona ni heshima kwa mtoto, asijisikie yatima.

Hebu tazama kinachofuata. Kwanza, kutoa maelezo ya uongo ili upate pasipoti ni kosa la jinai. Unaweza kushtakiwa. Pili, Rehema atakuwa na karatasi mbili zinazopingana. Kwenye kadi ya kliniki na shuleni baba ni Bakari, kwenye pasipoti baba ni Saidi. Kila ofisi atakayokwenda maishani mwake itauliza maswali. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote: kama Bakari aliacha shamba, nyumba au mafao ya kazi, Rehema atathibitishaje kuwa ni mwanawe? Cheti kitasema baba yake ni mtu mwingine, tena yu hai. Kwa kalamu moja mtoto amepoteza haki ya marehemu baba yake.

Saidi alimjibu kijana, "Kaka yangu amekufa mara moja. Sitaki kumuua mara ya pili kwenye karatasi." Akanunua chai, akanywa, akarudi kijijini.

Njia ya mahakama

Siku ya pili Saidi alikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Mtendaji akamwelekeza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Huyu ndiye mtu wa kwanza kumwona. Kazi yake ni pamoja na mambo ya watoto.

Afisa ustawi wa jamii alimweleza hivi. Tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa sheria hii, mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Sheria inasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, manufaa ya mtoto ndiyo yatazamwe kwanza. Sheria hiyo inamruhusu mzazi, mlezi, au ndugu anayemtunza mtoto kuomba mahakamani apewe ulezi. Ndugu hapa ni pamoja na babu na bibi, kaka na dada, mjomba, shangazi, na wengine wa ukoo.

Ombi hupelekwa Mahakama ya Watoto. Usiogope jina la mahakama. Hii si kesi ya wizi. Kikao cha Mahakama ya Watoto hakifanywi hadharani, wala watu hawajazani kusikiliza. Hakimu huongea na mwombaji, na afisa ustawi wa jamii huwapo. Kama hujui mahakama hiyo inakaa wapi, uliza kwa karani wa mahakama ya wilaya yako.

Kabla ya hakimu kuamua, afisa ustawi wa jamii huenda nyumbani. Hutazama mtoto analala wapi, anakula nini, anasoma wapi. Huongea na majirani na mwalimu. Huongea na mtoto mwenyewe. Kisha huandika taarifa kwa mahakama. Mtu mmoja aliposikia hivyo alipaka nyumba chokaa na kukopa kitanda cha jirani. Hakukuwa na haja. Anayetafutwa si tajiri. Anatafutwa mtu anayemtunza mtoto vizuri na ataendelea kumtunza.

Hakimu hutazama mambo kadhaa. Hutazama umri wa mtoto. Husikiliza maoni ya mtoto, kama mtoto ameyatoa kwa hiari yake bila kufundishwa. Hutazama kama ndugu wa tumbo moja wataendelea kukaa pamoja. Hutazama pia kama mtoto amezoea mahali alipo na malezi yake hayatakatika. Kwa mambo hayo Saidi alikuwa na nguvu. Amekaa na watoto wote wawili miaka sita. Afisa ustawi wa jamii akamshauri aombe ulezi wa wote wawili pamoja, hata kama anayesafiri ni Rehema tu. Ushauri huo ulikuwa mzuri, maana Hamisi naye siku moja atahitaji karatasi ile ile.

Saidi alitakiwa kuonyesha kwamba wazazi wamefariki. Cheti cha kifo cha Bakari kilikuwapo, kwa sababu kilihitajika kwenye mirathi. Cha mama wa watoto hakikuwapo. Alizikwa, watu wakarudi nyumbani, basi. Hapa Saidi alipoteza wiki kadhaa akifuatilia usajili wa kifo cha zamani katika ofisi ya wilaya. Kwa kawaida kifo hutakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30. Ukichelewa bado inawezekana, ila utaulizwa ushahidi zaidi. Siku iliyopangwa na hospitali ya India ikapita wakati Saidi bado anatafuta cheti hicho. Ilibidi hospitali iombwe siku nyingine, na Rehema akaendelea kuumwa nyumbani.

Baadaye ombi lilisikilizwa. Hakimu alimwuliza Rehema anataka kukaa na nani. Rehema akaonyesha kwa kidole, hakusema neno. Amri ikatolewa: Saidi ni mlezi wa Hamisi na Rehema. Saidi aliomba nakala zenye muhuri wa mahakama. Ya asili aliiweka nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni, panya wasiifikie. Nakala akaenda nazo Uhamiaji.

Kama hujui kuandaa maombi ya mahakama na huna pesa ya wakili, tafuta msaidizi wa kisheria. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaada wao ni bure. Mtendaji wa kata au afisa ustawi wa jamii anaweza kukuambia anapatikana wapi.

Jambo moja tusilichanganye. Ulezi si kuasili. Kuasili mtoto ni kumfanya awe mtoto wako kabisa mbele ya sheria, kama uliyemzaa. Ombi la kuasili hupelekwa Mahakama Kuu. Saidi hakuhitaji kuasili. Bakari anabaki kuwa baba wa Rehema, na Saidi ni mlezi.

Zanzibar ina sheria yake ya watoto, ya mwaka 2011, na ofisi zake za usajili. Msomaji wa huko aulize kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya yake. Uhamiaji ni jambo la Muungano.

Mzazi akiwa hai

Si kila anayelea mtoto anahitaji kwenda mahakamani. Tuseme wewe ni bibi. Binti yako anafanya kazi mjini, nawe unakaa na mwanawe. Mama yupo hai na anajulikana alipo. Basi mwenye kutoa idhini ni mama, na baba naye kama yupo. Wewe unaweza kumleta mtoto ofisini na kufuatilia, lakini sahihi inayotakiwa ni ya wazazi. Kama mmoja amefariki, peleka cheti chake cha kifo, na aliyebaki atatoa idhini.

Idhini hiyo huandikwa. Barua inaweza kuwa kama hii. Isome, kisha inakili katika daftari lako na kujaza palipo wazi.

S.L.P. ............
............
Tarehe ............

Afisa Uhamiaji wa Mkoa,
............

Ndugu,

YAH: IDHINI YA PASIPOTI YA MTOTO WANGU ............

Mimi ............ ni mama mzazi wa mtoto aliyetajwa hapo juu, aliyezaliwa tarehe ............ katika ............. Nakubali mtoto wangu apatiwe pasipoti.

Mtoto anaishi kwa mama yangu mzazi, ............, wa kijiji cha ............. Namruhusu mama yangu amlete ofisini kwako na kufuatilia maombi haya kwa niaba yangu.

Mtoto atasafiri kwenda ............ kwa ajili ya ............. Atafuatana na .............

Baba wa mtoto amefariki dunia. Nimeambatisha nakala ya cheti chake cha kifo, nakala ya kitambulisho changu, na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Simu yangu ni .............

Wako mtiifu,
(Sahihi na jina)

Ni vizuri mzazi aweke sahihi mbele ya wakili au hakimu, hasa kama hawezi kufika mwenyewe Uhamiaji. Kama mzazi yuko nchi ya nje, aulize kwenye ubalozi wa Tanzania uliopo huko.

Kuna hali ngumu ya tatu. Mzazi hakufa, lakini hajulikani alipo. Aliondoka miaka mingi, hana simu, hana barua. Usiandike kwamba amefariki. Watu wengine hufanya hivyo, kisha mtu anarudi. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii na useme kweli. Mahakama inaweza kusikiliza ombi lako na kuamua.

Siku ya kuomba

Zamani mtoto mdogo aliweza kuandikwa ndani ya pasipoti ya mzazi wake. Siku hizi kila mtu ana pasipoti yake, hata mtoto mchanga. Tangu mwaka 2018 Tanzania inatoa pasipoti ya kielektroniki, ambayo ndani yake taarifa za mwenyewe zimetunzwa kwa mtambo. Mpango huo ulipoanza, ada ya pasipoti ya kawaida ilikuwa shilingi 150,000: yaani 20,000 za fomu na 130,000 za pasipoti yenyewe. Kabla hujauza mbuzi, uliza Uhamiaji ada ya sasa ni kiasi gani. Malipo ya Serikali hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo, nawe hulipa benki au kwa simu. Hayapiti mkononi mwa kijana wa nje.

Fomu hujazwa kwa intaneti. Kama huna chombo, utakwenda kwenye duka lenye kompyuta mjini na kijana wa pale atakujazia. Hapa uwe macho. Usimtajie majina kwa mdomo tu. Mpe cheti, akiangalie. Akimaliza, mwambie, "Mwanangu, ngoja nisome kwanza." Soma herufi moja moja. Rehema au Rehma? Saidi au Said? Tarehe ya kuzaliwa ni 3 Juni au 6 Machi? Herufi moja ikipotea, jina la kwenye fomu si jina la kwenye cheti, nawe utarudishwa. Nauli ya kwenda na kurudi unaijua mwenyewe.

Karatasi za kuandaa ni hizi: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyeti vya kuzaliwa vya wazazi au hati ya kiapo, kitambulisho cha anayetoa idhini, barua ya idhini au amri ya mahakama, vyeti vya vifo kama wazazi wamefariki, na barua inayoeleza safari, kwa mfano ya daktari au ya shule. Picha ndogo za mtoto zina vipimo vyake na rangi yake ya nyuma. Uliza kabla ya kwenda kwa mpiga picha. Chukua za asili na nakala, na nenda na mtoto mwenyewe.

Usiziache karatasi nyumbani baada ya kupata pasipoti. Siku ya safari beba nakala ya amri ya mahakama au barua ya idhini. Afisa wa mpakani au uwanja wa ndege anaweza kumwuliza mtu mzima anayesafiri na mtoto asiye wake.

Kuanzia wapi leo

Labda mtoto unayemlea hana safari yoyote. Hata hivyo kuna karatasi moja ambayo usingoje safari kuitafuta, nayo ni cheti cha kuzaliwa. Bila hicho hakuna kinachoanza.

Mtoto hutakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Kwa Tanzania Bara wakala wa Serikali anayehusika ni RITA. Tangu mwaka 2013 umeenezwa mpango wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Kwa hiyo kama unaye mjukuu wa miaka miwili asiye na cheti, uliza zahanati kesho asubuhi.

Mtoto mkubwa pia anaweza kuandikishwa, lakini utaulizwa ushahidi. Tangazo la kizazi kutoka hospitali ni ushahidi mzuri. Kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, na karatasi za shule husaidia. Ndiyo sababu kadi ya kliniki ya mtoto wa marehemu isitupwe wala isiachwe kwenye sanduku la ndugu wa mbali. Msiba ukiisha, wakati vyombo vinagawanywa, uliza: karatasi za watoto ziko wapi? Saidi hakuuliza siku ile. Ilibahatika kwamba bibi mzaa mama wa Rehema alizifunga kwenye kanga na kuzihifadhi.

Rehema alisafiri na Saidi miezi mitano baada ya siku ile ya kwanza ofisini. Alipopewa pasipoti yake mkononi aliifungua, akatazama picha, kisha akasoma jina lake taratibu mpaka mwisho: Rehema Bakari.

Maswali

1. Saidi alikuwa na karatasi gani mbili mfukoni? Kwa nini hazikutosha?
2. Msimamizi wa mirathi na mlezi wanatofautianaje?
3. Kama Saidi angekubali maneno ya kishoka, Rehema angepoteza nini?
4. Ni nani wa kumwona kwanza katika halmashauri yako? Ofisi yake iko wapi?
5. Hesabuni darasani: ni watoto wangapi wa kijiji chenu wanaolewa na watu wasiowazaa? Wangapi kati yao wana vyeti vya kuzaliwa?
6. Inakili barua ya idhini katika daftari lako. Jaza palipo wazi, kisha mpe mwenzako aisome kwa sauti.